Njia ya Udongo ni Mali: Baiskeli katika Nchi ya Vilima vya Shaba

Mtu atokaye mjini Lubumbashi kwa baiskeli, au kwa kinga kama tusemavyo huku kwetu, huzikuta njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni barabara kuu ya lami. Hiyo hutoka Kolwezi na Likasi, hupita mjini, kisha huteremka mpaka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia. Mchana na usiku hupitiwa na malori makubwa yaliyopakia shaba na kobalti kwenda bandari za mbali, kama Dar es Salaam na Durban. Lori likitaka kulipita lori jingine, mwenye kinga hana mahali pa kukimbilia ila mtaroni.

Njia ya pili ni ya udongo mwekundu. Huanza nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa, hukizunguka kichuguu, hushuka hata kijitoni, hupanda kilima, kisha hupotea katika miti. Haina kibao wala mstari mweupe. Wengi wetu huidharau na kusema ya kuwa ni njia ya watu wa pori, isiyomfaa mtu aliyestaarabika. Leo twataka kuwaonyesha wasomaji wetu ya kuwa njia hii ya pili ni mali. Na ya kuwa mali yo yote isiyotunzwa hupotea.

Matajiri wanaotafuta vumbi

Huenda msomaji atashangaa kusikia ya kuwa ziko nchi tajiri ambako watu huiacha lami kwa kusudi na kuitafuta changarawe. Hata hivyo ndivyo ilivyo.

Katika Italia, kati ya miji ya Firenze na Siena, kuna nchi iitwayo Chianti. Ni nchi ya vilima, na vilima vyake vimepandwa mizabibu; divai ya huko yajulikana dunia nzima. Toka zamani mashamba yale yaliunganishwa na njia za mawe meupe yaliyopondwa, nao wenyeji waziita barabara nyeupe. Magari yalipozidi, barabara hizo zilianza kufunikwa lami moja baada ya moja. Ndipo mwaka 1997, katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, bwana mmjoa jina lake Giancarlo Brocci alipokusanya waendesha baiskeli 92. Walipanda baiskeli za kizamani wakazipita njia zile za changarawe, ili watu wauone uzuri wake na waache kuziharibu. Safari hiyo huitwa L'Eroica, na siku hizi maelfu ya watu huiendea.

Mwaka 2022 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za changarawe yalifanyika katika Italia hiyo hiyo, jimbo la Veneto. Viwanda navyo vimekwisha kutengeneza baiskeli za kazi hiyo: usukani wake umepinda kama ule wa baiskeli ya mashindano, lakini matairi yake ni mapana, breki zake zashika sana, na gia zake ni nyepesi za kupandia milima.

Kwa nini watu wenye motakaa zao wafanye hivyo? Sababu ya kwanza ni uhai wao: katika njia ya changarawe magari ni machache. Sababu ya pili ni utulivu. Mtu aliyeshinda juma zima katika kelele za mji hutamani kusikia upepo na ndege. Na sababu ya tatu ni macho. Aendaye kwa motakaa huiona nchi kama picha zinazokimbia. Aendaye kwa miguu huiona vizuri, lakini jua humchwea angali karibu na nyumbani. Mwenye baiskeli huenda mbali, tena huona yote, na huweza kusimama amsalimu mwenye shamba.

Basi, wenzetu hutumia fedha nyingi na kuvuka bahari ili waifikie njia ya udongo. Sisi tunayo mlangoni petu.

Shamba letu la mizabibu

Huku Lubumbashi hatuna mizabibu. Lakini vilima hatukunyimwa, wala uzuri hatukunyimwa.

Mji wetu umejengwa katika nchi ya juu, yapata meta 1,200 kupita usawa wa bahari. Kwa hiyo joto lake si kali kama la bonde la Mto Kongo. Toka Mei hata Septemba mvua hainyeshi. Mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi ni ya baridi, hata mwenye kinga huvaa koti na kupuliza vidole vyake. Huo ndio wakati mwema wa safari, kwa maana njia ni ngumu na kavu, na mito midogo yavukika.

Nje ya mji huanza miombo. Katikati ya miti vimesimama vichuguu vikubwa vya mchwa, ambavyo watu huchukua udongo wake kufyatulia matofali. Vingine vina kimo cha meta 5 na zaidi, hata njia yenyewe hulazimika kuvipisha. Ukishuka bondeni wakuta dembo, yaani uwanda wa majani usio na miti, ambao hulowa maji wakati wa masika. Ukipanda ng'ambo ya pili waingia tena katika miti, na hivyo siku nzima: kushuka, kuvuka, kupanda.

Tena viko vilima vya namna ya peke yake, visivyopatikana mahali pengi duniani. Ni vilima vya shaba. Kwa mbali utavitambua, maana miti huishia chini ya mteremko, na huko juu ni majani matupu. Shaba ikizidi katika udongo huwa sumu kwa miti. Mimea michache tu iliyoizoea ndiyo iotayo pale. Mmojawapo una maua madogo, na wataalamu huuita Haumaniastrum katangense. Watafutaji wa madini waliutumia kama alama, kwa kuwa mahali uotapo kwa wingi huenda shaba iko chini yake. Nao wahenga wetu, walioyeyusha shaba katika matanuri ya udongo, walivijua vilima hivi karne nyingi kabla kampuni ya kwanza haijafika.

Badala ya divai tunao munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachotengenezwa kwa mizizi ya mmea wa porini. Mtu aliyepanda kilima juani, akiupata munkoyo kando ya njia, hataitamani divai ya Chianti. Na mvua zikianza, akina mama hupanga uyoga kando ya njia, na baadaye matunda ya masuku.

Mwenye kutaka safari fupi aelekee Kafubu, ambako Wasalesiani, waliofika Katanga mwaka 1911, walijenga misioni kando ya mto wa jina hilo. Mwenye kuzoea zaidi aweza kutazama upande wa kaskazini-mashariki, katika nchi inayopitiwa na njia ya Kasenga, mji wa wavuvi kando ya Mto Luapula. Huko vijia vya pembeni ni vingi. Na walio wengi pamoja, wenye siku za kutosha na waliojitayarisha, waweza kuikusudia nyanda ya Kundelungu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ambako maporomoko ya Lofoi huanguka kwa kimo cha zaidi ya meta 300. Lakini safari kama hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Yafaa kwanza kuwauliza walinzi wa hifadhi na wenyeji wa njiani juu ya hali ya njia na usalama wake.

Baiskeli si kitu cha kuazima

Wako wanaodhani ya kuwa baiskeli ni kitu cha wageni, nasi tuliipokea tu kama zawadi. Na tuikumbuke habari yenyewe.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alitengeneza tairi ya mpira yenye upepo ndani, aitie katika baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kabla ya hapo magurudumu yalikuwa magumu, na mwenye kupanda alitikiswa mifupa yote. Tairi ile ikawapendeza watu, na mara Ulaya na Marekani zikawa na njaa ya mpira. Wakati huo nchi yetu ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, nayo iliitwa Dola Huru ya Kongo, toka mwaka 1885 hata 1908. Katika misitu yetu kulikuwa na mitambaazi yenye utomvu wa mpira. Watu wa vijiji walilazimishwa kuukusanya. Wasioleta kiasi kilichotakiwa walipigwa, wake zao walishikwa rehani, vijiji vilichomwa, na wengine walikatwa mikono. Chianti ilikuwa na mizabibu ya divai. Kongo ilikuwa na mitambaazi ya machozi.

Leo tena, zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, hasa katika majimbo yaliyokuwa Katanga moja, na sehemu yake huingia katika betri za baiskeli za umeme za nchi za mbali. Basi Mkongo apandapo baiskeli asijione ameazima kitu cha mwenziwe. Wazee wake waliilipia kwa bei kubwa kuliko ile iliyoandikwa dukani.

Wenye kinga wa makala

Nenda alfajiri kando ya mji, mahali njia za udongo zinapoingia, nawe utawaona mabingwa wetu wa changarawe. Hawana mavazi ya rangi wala namba mgongoni. Ni watu waletao makala. Magunia yamefungwa juu ya kinga mpaka mwenyewe haonekani kwa nyuma. Fremu imeongezwa nguvu kwa vipande vya nondo, na kibebeo kimefungwa kwa mipira iliyokatwa toka matairi ya kale. Katika mwinuko hashindani na kilima. Hushuka, huinama, akausukuma mzigo wake hatua kwa hatua. Katika mteremko kazi huwa kubwa zaidi, kwa sababu mzigo hutaka kumtangulia. Wengine wametoka nyumbani jana, nao wamelala njiani.

Mji hula kwa miguu ya watu hawa. Bukari yetu ya jioni hupikwa kwa makala waliyoyaleta wao na wenzao wa malori. Hata hivyo, wangapi kati yetu huwasalimu? Dereva huwapigia honi kama mbuzi. Mnunuzi huwabishia mpaka faida yao ikatike. Na mtoto wa shule huwacheka kwa sababu ya weusi wa nguo zao. Wazazi, tusiwaachie watoto wetu kicheko hicho. Kazi iliyo halali haina aibu, na weusi wa makala hutoka kwa sabuni.

Liko neno jingine ambalo watu hawa hulijua kuliko wote: njia yao yarefuka. Mwitu uliokuwa karibu na mji umekwisha kukatwa, na kila mwaka matanuri ya makala huzidi kwenda mbali. Tanuri la udongo hula kuni nyingi mno. Gunia moja la makala limetokana na kuni zenye uzito wa mara tano na zaidi. Mti ukiondoka, kivuli huondoka. Mvua huipiga ardhi tupu, maji hukimbia kwa nguvu, na njia hukatwa makorongo. Hivyo mwenye kinga huumizwa mara mbili: huenda mbali zaidi, tena katika njia mbovu zaidi.

Namna ya kupita njia ya changarawe

Twapenda sasa kuwapa vijana wetu mashauri machache, kwa sababu njia tulivu si njia isiyo na hatari.

Kwanza, itazame kinga yako kabla ya kutoka. Breki zote mbili zishike. Mnyororo usafishwe vumbi na kutiwa mafuta kidogo; mafuta yakizidi hukamata mchanga, na mchanga hula meno ya gia kama tupa. Gurudumu lisiyumbe, na njiti zake zisilegee.

Pili, chagua tairi pana. Katika lami tairi nyembamba iliyojaa sana hukimbia. Katika changarawe hurukaruka na kuteleza. Tairi pana isiyojazwa kupita kiasi hulishika jiwe dogo na kulimeza. Lakini upepo usipungue mno, maana jiwe kali litaubana mpira wa ndani na kuutoboa. Mwenye mzigo na aongeze upepo kidogo.

Tatu, chukua vifaa: kiraka na gundi, mpira wa ndani wa akiba, pampu, spana, na kamba. Chukua maji zaidi ya unavyofikiri yatakutosha, hasa mwezi wa Septemba na wa Oktoba, wakati wa joto na vumbi, na vijito vingi vimekauka.

Nne, jifunze kuisoma njia. Mahali barabara ilipojikunja kama mabati ya paa, tafuta ukingo ulio laini. Mahali pa mchanga mwingi, usipinde usukani ghafula wala usishike breki ya mbele kwa nguvu. Kanyaga polepole bila kuacha, ukaachie mikono ilegee kidogo. Katika mwinuko kaa kitini, kwa kuwa ukisimama gurudumu la nyuma litakosa mzigo na kuteleza. Wakati wa masika udongo mwekundu hugeuka kama sabuni. Kushuka na kusukuma si aibu. Ukiona moshi wa moto wa pori mbele yako, rudi. Ni vigumu kuukimbia moto wenye upepo kwa kinga.

Tano, ujihadhari na mteremko. Hapa hata mabingwa hupotea. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa kikosi cha Amani, alianguka akienda kwa kasi katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 33. Alikuwa mtu aliyewafungulia njia vijana wengi wa Afrika ya Mashariki, na kifo chake kiliwahuzunisha waendesha baiskeli wa nchi nyingi. Ikiwa yeye aliyejua sana aliweza kuanguka, basi kijana asiyevaa kofia ngumu na mwenye breki ya kubahatisha anajidanganya. Shuka polepole. Kilima hakina zawadi kwa wa kwanza kufika chini.

Na la mwisho: ukichelewa hata giza likaingia, washa taa ya mbele na ya nyuma, au ulale kwa wenyeji. Njia ambayo mchana ni rafiki, usiku haikujui.

Mtu aliyeficha uhai wa watu katika fremu

Tumetaja nchi ya Chianti. Karibu nayo, kando ya mji wa Firenze, mwaka 1914 alizaliwa Gino Bartali, aliyekuwa bingwa mkubwa wa baiskeli. Alishinda mashindano ya kuizunguka Ufaransa mwaka 1938, na tena mwaka 1948, miaka kumi baadaye. Alikuwa Mkristo mwenye ibada, wala hakuificha imani yake.

Lakini kilichomfanya kuwa mkuu si ushindi ule. Mwaka 1943, Wajerumani walipoikalia Italia, Wayahudi walianza kusakwa na kupelekwa kuuawa. Askofu Mkuu wa Firenze, Kardinali Elia Dalla Costa, aliwasaidia kwa siri kujificha katika nyumba za watawa. Walihitaji vyeti vyenye majina mengine ili waokoke. Nani angevichukua? Bartali alivikunja vyeti na picha, akavitia ndani ya mirija ya baiskeli yake, akafunga kiti juu yake, akaenda kama mtu anayefanya mazoezi. Alikwenda toka Firenze hata Assisi, safari ya zaidi ya kilometa 150, katikati ya vilima, katika barabara ambazo nyingi zilikuwa bado za vumbi. Askari walimsimamisha, lakini walimjua kuwa ni bingwa, wakamwacha apite. Kama wangaliifungua baiskeli, angaliuawa.

Baada ya vita alikaa kimya. Hakutafuta sifa kwa ajili ya jambo hilo mpaka alipokufa mwaka 2000. Mwaka 2013 Yad Vashem, taasisi ya Israeli inayotunza kumbukumbu ya mauaji yale, ilimhesabu miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa. Vijana wa shule, fikirini: mirija ile ile ya chuma ambayo wengine huiona kuwa ni chombo cha mchezo, au alama ya umaskini, ilibeba uhai wa watu. Chombo si kitu. Mtu aliyekipanda ndiye anayekipa maana.

Mabinti wetu wasiachwe

Huku kwetu baiskeli ikiingia nyumbani huwa ya baba. Baba akichoka huwa ya kaka. Binti huonekana kuwa hana haja nayo, tena majirani huweza kunong'ona wakimwona ameipanda. Na tuangalie kama manung'uniko hayo yana faida.

Nchini Zambia, jirani yetu, ambako vijiji na njia zake ni kama vyetu, watafiti waliwafuatilia kati ya mwaka 2017 na 2018 wasichana wa vijijini waliokaa mbali na shule, kilometa 3 na zaidi. Baadhi yao walipewa baiskeli imara, wengine hawakupewa. Wale waliopewa walipunguza muda wa njiani kwa yapata theluthi moja. Kuchelewa kwao kulipungua sana. Na siku za kukosa shule zilipungua kwa zaidi ya robo. Tena walipungukiwa na usumbufu wa watu wabaya wa njiani, kwa maana atembeaye peke yake alfajiri huvizwa kwa urahisi kuliko apitaye kwa magurudumu.

Hapa ndipo njia tulivu inapoonyesha faida yake yote. Hakuna mzazi mwenye akili atakayemtuma binti wa miaka 12 katika barabara ya malori. Lakini kijia cha udongo kilichofyekwa vizuri, kinachojulikana na wanakijiji, chaweza kuwa mlango wa elimu yake. Baba mwenye kinga moja ajiulize: asubuhi, safari ipi ni ya lazima zaidi, ya kwake au ya binti?

Mali isipotee

Kuna mambo yanayozitishia njia hizi. Mashimo ya madini hupanuka, na kijia kilichopitiwa na mababu hukuta ukuta wa seng'enge siku moja. Malori yakikwepa foleni za barabara kuu huingia pembeni na kuzivunja njia ndogo. Miti huisha, na makorongo huongezeka. Wala si kosa la mtu mmoja. Sisi tuliomo mjini, tunaopika kwa makala kila siku, tumo katika jambo hili.

Tufanye nini basi? Yako yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mama wa nyumba aweza kupika kwa mbabula iliyofunikwa udongo pembeni, isiyopoteza moto, na kuloweka maharagwe usiku ili yaive upesi. Kila konzi ya makala iliyookolewa ni tawi lililobaki mtini. Wanakijiji waweza kuifyeka njia yao kabla ya masika na kuyachepusha maji kwa mifereji midogo pembeni, kazi ya siku moja kwa watu ishirini. Wakuu wa vijiji waweza kudai, wakati mashamba na machimbo yanapopimwa, ya kuwa njia ya watu iachwe wazi na iandikwe katika ramani. Madereva waweza kupunguza mwendo. Vumbi la lori moja humfumba macho mwenye kinga kwa dakika nzima, na katika dakika hiyo lori la pili humfikia.

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mabingwa wa dunia wa baiskeli walishindana katika vilima vya Kigali, nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo ya barabara kufanywa katika Afrika, na umati wa watu ulijipanga katika kila mwinuko. Miongoni mwao, bila shaka, walikuwapo watu ambao kila siku hupandisha vilima vile vile na ndizi au viazi juu ya kinga zao. Walijua kuliko wote yale wanayoyaona, kwa maana miguu yao wenyewe iliyajua.

Nasi tunao watu wa namna hiyo, na vilima tunavyo, na njia tunazo. Vijana, Jumamosi moja ya kiangazi, mkiisha kazi za nyumbani, pangeni safari wawili au watatu, mwambieni baba na mama mnakokwenda, mkaende mkaione nchi yenu: kichuguu, dembo, kilima kisicho na miti. Mkikutana na mwenye makala katika mwinuko, msimpite kwa kelele. Shukeni, mmshike mzigo kwa nyuma, mkamsukumie mpaka juu.